Mgeni, Mkazi na Mwekezaji: Historia ya Kijiji cha Lonthor katika Visiwa vya Banda

Utangulizi

Kiswahili kina neno kungumanga. Ni ile mbegu ngumu ya rangi ya kahawia inayokunwa kidogo na kutiwa katika pilau au chai ya viungo. Utando mwekundu unaoizunguka mbegu hiyo ndani ya tunda, unaofanana na wavu, huitwa basibasi. Jina kungumanga linatuonyesha njia ambayo kiungo hiki kilipitia. Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa upande wa Oman, na tunalikuta pia katika pilipili manga. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliiita mbegu hii kwa jina la nchi ya wafanyabiashara walioileta. Hawakuiita kwa jina la mahali mti wake ulipoota, kwa kuwa mahali hapo palikuwa mbali mno, upande wa pili wa bahari.

Mahali penyewe ni visiwa vya Banda, vilivyomo katika eneo la Maluku, mashariki mwa nchi ambayo leo inaitwa Indonesia. Ni visiwa vidogo, na kimoja kati yake ni mlima wa volkano. Kwa karne nyingi kungumanga na basibasi zilizouzwa Asia, Uarabuni na Ulaya zilitoka huko tu. Katika insha hii nitakitazama zaidi kijiji cha Lonthor, kilicho katika kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Banda. Kisiwa hicho nacho kiliitwa Lonthor, na siku hizi hujulikana pia kama Banda Besar, yaani Banda Kubwa.

Watu wa nje wamefika Banda kwa namna tatu: wapo waliotembelea, wapo walioishi na wapo waliowekeza mali. Swali langu ni moja. Katika kila namna, nani alikuwa na uwezo wa kusema hapana? Ninadai kwamba jibu la swali hili linaeleza uzima na kifo cha kijiji vizuri kuliko wema au ubaya wa moyo wa wale waliofika, na vizuri kuliko kiasi cha fedha walichokuja nacho.

Mgeni aliyesubiri upepo

Kabla ya Wazungu kufika, Banda ilikwisha kuwa na wageni wengi. Wafanyabiashara Wajava na Wamalay walikuja kwa majahazi, na kupitia bandari za magharibi, hasa Malaka, kungumanga iliwafikia Waarabu, Wahindi na hatimaye watu wa Ulaya. Wageni walileta mchele, sago na nguo za pamba kutoka India. Hivi ndivyo vitu Wabanda walivyohitaji, kwani visiwa vyao havikutosha kulima chakula. Ardhi yao ni ya vilima, nayo ilijaa mikungumanga iliyokua chini ya kivuli cha miti mirefu ya kanari. Wabanda walikula chakula walichokinunua kwa kungumanga. Bila mchele wangekufa njaa, na bila kungumanga mgeni angerudi na jahazi tupu. Kila upande ulimhitaji mwenzake.

Jambo la pili lililowafunga pamoja ni upepo. Kama ilivyokuwa kwa majahazi ya kaskazi na kusi katika pwani yetu, mfanyabiashara aliyefika Banda hakuweza kuondoka siku aliyotaka. Alisubiri upepo ugeuke. Katika kusubiri alikaa, alikula, alijifunza bei na desturi, na wengine walioa. Uislamu ulifika Banda kwa njia hiyo. Mreno Tomé Pires, aliyeandika kuhusu biashara ya bahari hizo kati ya mwaka 1512 na 1515, aliwataja Waislamu wa Banda kama sehemu ya kawaida ya biashara hiyo.

Sitaki kuipamba Banda ya wakati huo. Haikuwa na mfalme. Iliongozwa na wazee wenye mali walioitwa orang kaya, neno la Kimalay lenye maana ya watu matajiri. Vijiji vyao viligawanyika katika makundi mawili yaliyohasimiana, orlima na orsiwa, na mara kwa mara walipigana. Watumwa pia walikuwapo. Hata hivyo, orang kaya wa Lonthor walikuwa na kitu ambacho hakikuandikwa popote: mgeni akileta bei mbaya, waliweza kumwacha na kuuza kwa jahazi linalofuata.

Wareno waliijua nguvu hiyo. Hawa ndio waliozishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Mwaka 1511 waliiteka Malaka, na mapema mwaka 1512 merikebu za António de Abreu zikafika Banda. Huko walinunua kungumanga kama wanunuzi wengine, wakaondoka. Walipojaribu baadaye kujenga ngome katika kisiwa cha Neira walipingwa, wakaiacha misingi yake tu.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuieleza methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naona inasema pia jambo kuhusu mwenyeji. Methali inachukulia kwamba jembe ni la mwenyeji, na kwamba ni yeye anayehesabu siku. Kwa mgeni wa Banda wa karne ya 15 na 16, hali ilikuwa hivyo.

Mwekezaji aliyekaa mbali

Mwaka 1602 iliundwa Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, ambayo kwa Kiholanzi hufupishwa VOC. Wanahistoria wa uchumi huitaja kama kampuni ya kwanza kuuza hisa kwa umma kwa kiwango kikubwa. Ilikusanya takriban gilda milioni 6.4. Katika mji wa Amsterdam peke yake watu 1,143 walijiandikisha kutoa fedha, na mmoja wao alikuwa mtumishi wa nyumbani aliyeweka gilda 100. Nalitaja hili kwa makusudi. Wanahisa hawa hawakuwa maharamia. Wengi walikuwa watu wa kawaida waliotaka akiba yao izae. Ila hawakuijua Lonthor, wala hawakuhitaji kuijua. Waliloahidiwa ni faida.

Serikali ya Uholanzi iliipa kampuni hiyo haki ya pekee ya biashara ya nchi yake mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema, pamoja na ruhusa ya kufanya mikataba, kujenga ngome na kupigana vita. Mwaka huohuo wa 1602 Waholanzi walipata sahihi za baadhi ya orang kaya katika mkataba uliosema kwamba kungumanga yote itauzwa kwao peke yao. Mkataba huu ulikuwa na kasoro mbili kubwa. Ya kwanza, orang kaya wachache hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga wenzao wa vijiji vingine. Ya pili, Waholanzi hawakuleta chakula cha kutosha, na bei waliyotoa ilikuwa ndogo. Kuutii mkataba kungekuwa kukubali njaa. Kwa hiyo Wabanda waliendelea kuwauzia Wajava, Wamalay na, baada ya muda, Waingereza. Kampuni iliita tendo hilo uvunjaji wa mkataba. Kwa Wabanda, huo ulikuwa ununuzi wa chakula.

Mwaka 1609 Admirali Pieter Verhoeven alifika na kundi la merikebu, akaanza kujenga Ngome ya Nassau huko Neira, juu ya misingi iliyoachwa na Wareno. Wabanda walimwita kwenye mazungumzo, wakamvizia na kumuua pamoja na wenzake. Miongoni mwa waliokuja na msafara huo alikuwapo karani kijana wa biashara, Jan Pieterszoon Coen. Mwaka 1616 Waingereza wakiongozwa na Nathaniel Courthope walijiimarisha katika kisiwa kidogo cha Run kwa kukubaliana na wenyeji, wakakaa humo miaka kadhaa wakizingirwa na Waholanzi.

Mwaka 1621 Coen alirudi akiwa Gavana Mkuu, na askari zaidi ya elfu moja, wakiwemo askari wa kukodiwa kutoka Japani. Kisiwa cha Lonthor kilivamiwa mwezi Machi. Orang kaya walisalimu amri, wakatoa silaha na watu wa kushikiliwa kama dhamana. Katika kijiji cha Selamon, kisiwani humohumo, afisa Martinus Sonck aliufanya msikiti kuwa makao yake. Usiku mmoja wa Aprili taa ilianguka ndani ya msikiti huo. Sonck aliamini kuwa ni ishara ya shambulio, na askari wakaanza kufyatua risasi. Watu walikimbilia milimani, vijiji vikachomwa moto. Tarehe 8 Mei orang kaya 44 waliuawa katika Ngome ya Nassau, na waliowakata vichwa ni wale askari wa kukodiwa.

Makadirio ya kawaida ni kwamba Banda ilikuwa na watu wapatao 15,000 kabla ya vita hivyo, na kwamba baada yake walibaki visiwani kama 1,000. Wengine waliuawa, wengine walikufa kwa njaa milimani, na mamia walipelekwa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta. Waliofanikiwa kutoroka kwa mitumbwi walifika hadi visiwa vya Kei. Huko, katika vijiji vya Banda Eli na Banda Elat, lugha ya Kibanda inazungumzwa hadi leo. Katika Banda yenyewe ilitoweka.

Msomaji anaweza kunipinga na kusema kwamba hivyo vilikuwa vita, na vita si uwekezaji. Najibu kwamba huwezi kuvitenganisha vitu hivi viwili katika kisa hiki. Kampuni ilikwisha kuwaahidi wanahisa ukiritimba kabla ya kuwa na ukiritimba wenyewe. Gharama za merikebu, ngome na mishahara zilikwisha kutumika, na zingeweza kurudi tu iwapo Lonthor isingeweza kuuza kwa mwingine. Hapana ya orang kaya, ambayo kwa mgeni wa zamani ilikuwa usumbufu wa msimu mmoja, kwa mwekezaji huyu ilikuwa hasara isiyovumilika. Coen hakuadhibiwa. Alirudishwa kuwa Gavana Mkuu mwaka 1627, na sanamu yake iliyosimamishwa mwaka 1893 katika mji wake wa Hoorn bado inawagawa Waholanzi wenyewe.

Wakazi waliopandikizwa

Baada ya kuwaondoa wenyeji, kampuni ilikuwa na mashamba bila watu. Iliigawa ardhi katika mashamba 68 yaliyoitwa perken: 34 Lonthor, 31 katika kisiwa cha Ai na matatu Neira. Yalipewa raia wa Kizungu walioitwa perkenier, kwa sharti la kuiuzia kampuni mazao yote kwa bei iliyopangwa na kampuni. Kazi ilifanywa na watumwa waliotolewa sehemu nyingi za Asia. Wabanda wachache waliobaki walihitajika sana, kwa kuwa wao ndio waliojua kuutunza mti huo: upande kivulini, usubiriwe miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na tunda lichumwe linapoanza kupasuka lenyewe.

Inafaa tuone kwamba hata perkenier hakuwa na haki ya kukataa bei. Alikuwa mkazi wa Banda, lakini mnunuzi wake alikuwa mmoja. Alichoweza kufanya ni kuwabana watumwa walio chini yake, au kuuza kwa magendo. Kwa Mkataba wa Breda wa mwaka 1667 Waingereza waliachia madai yao juu ya Run, na Waholanzi wakawaachia Manhattan. Watu wa Run hawakuulizwa.

Ukiritimba huo nao haukudumu. Karibu mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche ya karafuu na kungumanga kutoka Maluku na kuipanda Mauritius. VOC, ikiwa imelemewa na madeni, ilivunjwa mwaka 1799. Waingereza waliishika Banda katika vita vya Napoleon, wakapeleka miche ya kungumanga katika makoloni yao. Kutoka visiwa vya Mascarene karafuu ilifika Unguja mapema katika karne ya 19, na kuenea hadi Pemba. Hapa historia ya Maluku inagusa moja kwa moja historia ya Afrika Mashariki. Mti uliofika Unguja ulikuja pamoja na utaratibu wake: shamba kubwa, mwenye shamba aliyetoka nje, na mtumwa. Baadhi ya watumwa hao walichukuliwa kutoka bara, katika nchi za maziwa makuu. Kwa hiyo sisi tunaotoka bara tunapoisoma Lonthor, tunasoma pia chanzo cha jambo lililofika hadi milangoni mwetu.

Waliokaa kwa kulazimishwa

Katika karne ya 20 Banda ilikuwa imesahauliwa. Utumwa katika makoloni ya Waholanzi ya Asia ulikuwa umefutwa tarehe 1 Januari 1860, na bei ya kungumanga haikuwa tena ya kupigania vita. Umbali ambao zamani ulikuwa kikwazo sasa ukawa faida kwa serikali ya kikoloni: Neira ilifanywa mahali pa kuwahamishia wapinzani. Mwaka 1936 waliletwa Mohammad Hatta na Sutan Sjahrir, kutoka kambi ya Boven Digoel huko Papua. Hatta alikuja na masanduku 16 ya vitabu. Walikaa hadi mwanzoni mwa 1942.

Hawa hawakuwa wageni kwa hiari yao, wala hawakuwa na mtaji. Walikodi nyumba, wakawafundisha watoto wa majirani kusoma, kuhesabu na lugha. Mtoto mmoja wa Neira aliyelelewa nao, Des Alwi, alikuja kuwa mwanadiplomasia na mwandishi wa historia ya Banda. Baadaye alirudi nyumbani, akajenga hoteli na kushughulika na kuhifadhi nyumba na ngome za zamani ili wageni waje. Hatta alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Indonesia, na Sjahrir Waziri Mkuu wa kwanza. Leo visiwa viwili vya Banda vinaitwa kwa majina yao. Hatta hukumbukwa pia kama baba wa ushirika nchini mwake, na Katiba ya mwaka 1945 inasema katika kifungu cha 33 kwamba uchumi ujengwe kama juhudi ya pamoja, na kwamba ardhi, maji na utajiri wake vitumike kwa ustawi mkubwa kabisa wa wananchi. Sidai kwamba Banda ndiyo iliyomfundisha Hatta fikra hizo. Alikuwa nazo kabla. Ninachosema ni kwamba kati ya wote waliofika Banda kutoka nje, waliokiachia kijiji kitu cha kudumu ni watu ambao hawakuwa na uwezo wa kukichukulia chochote.

Hapana iliyoandikwa katika sheria

Indonesia huru ilijaribu kuiandika haki ya kukataa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1960 inasema kwamba umiliki kamili wa ardhi ni wa raia peke yao. Mgeni anayeishi nchini anaweza kupewa haki ya kutumia kwa muda tu, na kampuni hupewa haki za miaka maalumu. Ndiyo maana katika maeneo ya utalii kama Bali na Lombok umekuwapo mtindo wa mgeni kununua ardhi kwa jina la raia. Sheria hiyohiyo inaufanya ununuzi wa namna hiyo kuwa batili, na mgeni anaweza kupoteza fedha zake zote. Sheria ya Vijiji ya mwaka 2014 nayo ilivipa vijiji bajeti yao na mkutano wao wa kuamua mambo. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba misitu ya jamii za kimila si misitu ya dola.

Maluku ina desturi ya zamani kuliko sheria hizi zote, nayo huitwa sasi. Kijiji hutangaza kwamba sehemu fulani ya bahari au zao fulani limefungwa, na hakuna anayeruhusiwa kulichuma hadi siku ya kufunguliwa. Sasi hulinda samaki na matunda, na pia huwakumbusha watu wote, mwenyeji na mgeni, kwamba kijiji ndicho kinachopanga siku.

Watalii wanaokwenda Banda leo hupanda meli kutoka Ambon, na bahari ikichafuka husubiri, kama mfanyabiashara wa Kijava alivyosubiri. Huogelea kati ya matumbawe, hutembelea Ngome ya Belgica, hununua jemu ya kungumanga. Biashara hii ni dhaifu: volkano ililipuka mwaka 1988, na machafuko ya kidini yaliyoanza Maluku mwaka 1999 yaliwafukuza wageni kwa muda mrefu. Hata hivyo ina sifa moja ambayo VOC haikuwa nayo. Mgeni asipokubaliana na bei ya chumba huondoka, na mwenye nyumba asipompenda mgeni humwambia hana nafasi.

Hitimisho

Swali moja limebaki: mwenyeji wa Lonthor ni nani leo? Wengi wanaoishi humo ni wazao wa watu walioletwa baada ya 1621, wakiwa watumwa, wafanyakazi wa mkataba au wafanyabiashara kutoka Java, Buton na kwingineko. Wao ndio wanaokisafisha kwa sherehe kisima kitakatifu cha kijiji, na ndio wanaoipanda mikungumanga. Naona kuwa wenyeji haupimwi kwa damu peke yake. Anayebeba matokeo ya uamuzi, anayekula au kulala njaa kwa sababu yake, ndiye anayepaswa kuwa na haki ya kuukataa.

Katika nchi zetu neno mwekezaji hutamkwa kila siku, na mjadala hugeukia haraka swali la kama ana nia njema na ataleta kiasi gani. Historia ya Lonthor inatuelekeza kwenye maswali mengine. Je, mkataba umesainiwa na nani, na ana mamlaka ya kuwasemea wangapi? Je, mwekezaji ameahidi nini kwa watu wake wa mbali kabla ya kuongea na kijiji? Na kijiji kikisema hapana, ni nini kitafuata? Katika mkataba wa 1602 hakuna aliyeandika jibu la swali hilo la mwisho. Lilijibiwa miaka 19 baadaye.